Vitabu vyetu vinazaliwa mbali: malalamiko ya waandishi wa Katanga si ya leo



Siku hizi, kila tunapokutana, malalamiko ya wenzetu wanaotaka kutoa kitabu hayakosi. Mumoja anasema nyumba ya kuchapa imemuomba feza yote mbele ya kuanza kazi. Mwingine anasema vitabu vyake viko kwa muuzaji tangu mwaka jana, na hata franka moja hairudi. Wa tatu anauliza: juu ya nini mutu wa Likasi, kusudi asomwe Likasi, anapaswa kwanza kupita Paris? Hilo swali la tatu njo limenisukuma kuandika. Mimi nilisoma historia, na ninaona kwamba haya malalamiko yana zaidi ya miaka mia moja hapa kwetu. Tukiyafuata tangu mwanzo, tutajua ni kitu gani kimevunjika na ni kitu gani kingali kizima.

Tuanze hapa hapa Mulungwishi. Sisi wote tunajua jina la Springer. John McKendree Springer na bibi yake Helen Emily ni kati ya Wamethodisti wa kwanza kuleta misioni huku Katanga, na wote wawili walikuwa waandishi. Bwana alitoa The Heart of Central Africa mwaka wa 1909, Pioneering in the Congo mwaka wa 1916, na Christian Conquests in the Congo mwaka wa 1927. Bibi naye alitoa Camp Fires in the Congo mwaka wa 1928. Vitabu hivyo vinahadisia njia zetu, mito yetu na vijiji vya wazee wetu, lakini vilichapwa Marekani, katika Kiingereza. Sababu yake ni nyepesi: wanunuzi walikuwa kule. Walikuwa Wakristo wa Marekani waliotoa sadaka kwa ajili ya misioni na kutaka kujua sadaka yao imefanya kazi gani. Kitabu kilimufuata mulipaji wake.

Na si Wazungu peke yao. Tippu Tip, yule mufanyabiashara mukubwa aliyepita na misafara yake mpaka mashariki ya Kongo, alihadisia maisha yake mwenyewe katika Kiswahili. Maandishi hayo yalitoka Berlin mwaka wa 1902 na 1903, kwa kazi ya Heinrich Brode, Mudachi. Wasomaji wa Afrika ya Mashariki walingoja mpaka 1958 na 1959 ili maisha hayo yachapwe kwao. Miaka zaidi ya 50! Kiswahili cha mutu wa Zanzibar, juu ya safari za Kongo, kikawa kwanza mali ya wanafunzi wa Berlin.

Sasa tuje karibu zaidi. Mwaka wa 1965, kule Elisabethville (Lubumbashi ya leo), mutu mumoja jina lake André Yav aliandika historia ya muji kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi ya nyumbani kwa Wazungu. Alikiita Vocabulaire, lakini si orodha ya maneno. Ni historia ya muji yenye kuhadisiwa na watu waliopika, waliofua na waliolinda mulango, wakiangalia mabwana wao kutoka ndani ya nyumba. Aliandika katika Kiswahili cha Katanga, kile tunachosema sokoni, bila kuomba ruhusa kwa kamusi. Kazi yake haikupita kwenye nyumba ya vitabu. Ilipigwa kwa mashine ya kuandika, ikazungushwa kwa mikono.

Miaka 25 ikapita. Mwaka wa 1990, Johannes Fabian, profesa aliyefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, aliitoa Amsterdam, kwa musaada wa Kalundi Mango, pamoja na tafsiri na maelezo katika Kiingereza. Ninamushukuru: bila yeye pengine ile karatasi ingeliwa na muchwa. Siku hizi maandishi yale yanapatikana bure kwenye intaneti, na ninawaomba wanafunzi wa historia muyasome. Lakini angalieni njia: muji wetu, luga yetu, wazee wetu, na kitabu kinatoka Uholanzi, kwa bei ambayo mutoto wa yule mupishi hawezi kulipa.

Ni vile vile kwa Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka wa 1973 na 1974 muchoraji huyo alimuchorea Fabian picha zaidi ya 100 juu ya historia ya inchi yetu, na alizieleza moja moja katika Kiswahili. Kitabu chenye picha hizo na maelezo yake kilitoka California mwaka wa 1996, katika Kiingereza. Wangapi kati yetu wamewahi kukishika mukononi?

Mutu anaweza kusema: hao hawakuwa wasomi, hawakujua njia za uchapaji. Basi tuangalie wasomi. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka wa 1941 kule Jadotville, ndiyo Likasi hii yetu. Mwaka wa 1971, wakati wa kuunganisha vyuo vikuu vya inchi, kitivo cha luga na fasihi kiliwekwa Lubumbashi, na muji ukajaa waandishi. Wakati ule Mudimbe na mwenzake Georges Ngal walianzisha nyumba ya vitabu, Éditions du Mont Noir. Mashairi yake Déchirures yalitoka huko mwaka wa 1971, na Réflexions sur la vie quotidienne mwaka wa 1972. Maana yake: watu walikuwepo, akili ilikuwepo, na hamu ya kuchapa nyumbani ilikuwepo.

Lakini Mont Noir haikudumu miaka mingi. Riwaya ya kwanza ya Mudimbe, Entre les eaux, ilitoka Paris kwa Présence Africaine mwaka wa 1973, na zile mbili zilizofuata, Le bel immonde ya 1976 na L'Écart ya 1979, zikafuata njia ile ile. Ngal naye alitoa Giambatista Viko hapa Lubumbashi mwaka wa 1975. Kusudi kifike mbali, kikachapwa tena Paris mwaka wa 1984. Karibu mwaka wa 1980 Mudimbe alihama inchi. Kitabu chake kinachojulikana zaidi duniani, The Invention of Africa, kilitoka mwaka wa 1988 kwa chuo kikuu cha Indiana, Marekani. Alikufa kule Marekani mwaka wa 2025. Mutoto wa Likasi anasomwa Chicago, anasomwa Dakar, na hapa Likasi wanafunzi wanamusoma katika fotokopi ya fotokopi, yenye kurasa zingine zimekuwa nyeusi.

Kisha feza yenyewe ikafa, na hapa ninaomba muvumilie kidogo, kwa sababu ninaamini ni hapo malalamiko ya leo yalipozaliwa. Biashara ya vitabu inaishi kwa kungojeana. Muchapaji anamungojea mwenye nyumba ya vitabu, mwenye nyumba ya vitabu anamungojea muuzaji, muuzaji anamungojea musomaji. Kitabu hakiuzwi kwa siku moja sawa nyanya. Kinakaa kwenye rafu miezi, pengine miaka. Basi fikirini mambo ya inchi yetu: mwaka wa 1973 maduka ya wageni yalinyanganywa na kupewa watu wasiojua kazi ile, miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka, na mwezi wa 10 mwaka wa 1993 serikali ikatoa zaire mupya, mumoja kwa milioni 3 za zaire ya zamani. Milioni 3 kwa moja! Muuzaji aliyekuwa na deni lako la vitabu, akikulipa kisha miezi 6, anakulipa karatasi tu. Tangu hapo hakuna mutu anataka kungojea mwenzake. Muchapaji anataka dola, na anazitaka leo. Si roho mbaya. Ni mutu aliyeungua na moto, anaogopa hata majivu.

Tuyapime sasa malalamiko matatu ya wenzetu, moja moja.

La kwanza: "Wananiomba feza yote mbele." Nimekwisha eleza asili yake. Lakini matokeo yake ni haya: mwandishi amekuwa yeye mwenyewe benki, mwenye nyumba ya vitabu, mubeba muzigo na muuzaji. Mutu mwenye feza anatoa kitabu hata kama hana neno la kusema. Mutu mwenye neno bila feza ananyamaza. Kitabu kinachaguliwa na mufuko, hakichaguliwi na musomaji wala na mutu wa kazi anayejua kusoma maandishi, kuyasahihisha na kumwambia mwandishi: "Rudia sura ya tatu." Juu ya ile vitabu vyetu vingi vinatoka na makosa kila ukurasa, kisha tunasema watu hawapendi vitabu vya nyumbani.

Mimi nilikusanya maneno ya wazee 11 wa Likasi waliofanya kazi kwenye reli na kwenye migodi, katika Kiswahili chao. Nyumba moja ya kuchapa ilitaka jumla yote, kwa dola, na haikutaka kusoma hata ukurasa mumoja. Niliweka feza kidogo kidogo kutoka mushahara wa ualimu. Wakati nilipopata nakala 100 zangu, wazee 3 kati ya wale 11 walikuwa wamekwisha kufa. Mumoja kati yao alikuwa ananiuliza kila siku ya Mungu, mbele ya kanisa: "Mwalimu, kile kitabu kilishafika?" Hii njo bei ya kweli ya kuchelewa, na haiandikwi kwenye fakture yoyote.

La pili: "Muuzaji hanilipi." Mimi pia niliweka nakala 20 kwa muuzaji mumoja, na kila nikipiga simu jibu ni moja: "Rudia juma inakuya." Tatizo hapa ni kwamba tunaachiana vitabu bila karatasi. Tuna sheria: amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za waandishi wa inchi hii. Lakini sheria haiwezi kusimama peke yake mahali hakuna andiko linaloonyesha nakala ngapi zimetolewa, siku gani, kwa bei gani, na muuzaji atakata ngapi. Na tusisahau inchi yenyewe. Kitabu kilichochapwa Lubumbashi kikitaka kufika Kinshasa kinapanda ndege, kwa sababu hakuna njia nzuri ya gari mpaka kule. Karatasi inatoka inchi za inje, inapita mupaka, inalipa, inalipa tena. Gharama hizo zote zinaangukia bei ya kitabu kimoja chembamba.

Tusifikiri pia kwamba ni Kongo peke yake. Shaaban Robert wa Tanga, ambaye kila mutoto wa shule Tanzania anajua jina lake, aliandika Kufikirika mwaka wa 1946. Alikufa mwaka wa 1962. Kitabu kilitoka mwaka wa 1967. Mwandishi mukubwa wa Kiswahili katika karne yake hakukiona kitabu chake. Na kwetu, Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka wa 1981, alitoa Tram 83 Paris mwaka wa 2014, akiwa anakaa Graz, Austria. Ndani ya riwaya ile kuna mwandishi mwenye kutafuta mutu wa kumuchapia, katikati ya muji wa migodi. Anajua anachosema.

La tatu, ambalo ninalikataa: "Watu wetu hawasomi." Mutu anayesema vile aende kanisani siku ya Mungu. Atamukuta mama muuza samaki na kitabu cha nyimbo kilichoshonwa mara mbili, na Biblia yenye mistari chini ya maneno. Vitabu hivyo vilifikaje kwake? Havikupita kwenye duka la vitabu. Vilipita kwenye parokia, kwenye mukutano, kwa mutu anayemujua na anayemuamini. Aende pia kwenye chuo kikuu chochote cha inchi. Atakuta kwamba kitabu kinachouzwa bila shida ni silabusi ya profesa, hata kama ni karatasi zilizobanwa na pini, kwa sababu mununuzi anajulikana mbele, kwa jina na kwa hesabu. Nyimbo na silabusi vinatufundisha somo moja: pale njia kati ya kitabu na mutu iko wazi, mutu wetu analipa na anasoma.

Mufano mwingine unatoka Kenya. Mwaka wa 1980 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ katika Kikuyu, luga ambayo wengi walifikiri haina soko la riwaya. Nakala 5,000 za kwanza ziliisha upesi, ikabidi kuchapa 5,000 zingine, na 5,000 zingine tena, katika mwaka ule ule mumoja. Ngũgĩ alieleza kwamba watu walikuwa wanasomeana kwa sauti: nyumbani, kwenye baa, kwenye magari. Mutu mumoja ananunua, kumi wanasikia, na kati ya wale kumi wawili wanaenda kununua. Sisi watu wa Katanga, tuliokua tukisikiliza wazee jioni, tutashindwa nini?

Kwa hiyo, wandugu, mimi ninaona hivi. Kuandika hakujavunjika: Yav aliandika, Tshibumba alichora, Mudimbe aliandika, na nyinyi munaandika. Kusoma hakujavunjika. Kilichovunjika ni kati ya hao wawili: imani ya kungojeana, na njia ya kupitisha kitabu. Na hicho ni kitu ambacho chama kinaweza kushona, hata kidogo, bila kungojea waziri. Mukumbuke kwamba André Yav aliandikia chama. Watumishi wa nyumbani, wengi bila diploma, walielewa mwaka wa 1965 kwamba historia yao haitaandikwa kama hawajikusanyi. Sisi wenye diploma tunangojea nini?

Ninaleta mambo manne kwa mukutano wetu unaokuja, na muyakate au muyaongeze.

Kwanza, wanunuzi mbele ya kuchapa. Kwa mwaka tuchague kitabu kimoja tu cha mwenzetu. Kila mutu anayekubali anaandika jina na analipa nusu ya bei, kwa risiti. Tukiwa 100, muchapaji anapata feza yake ya mbele, na mwandishi halali njaa. Pakikosekana watu 100, feza inarudishwa, na tunajua ukweli mapema.

Pili, wasomaji wawili wa maandishi. Mbele feza haijatoka, wenzetu wawili wanasoma kitabu chote na kalamu nyekundu. Bila malipo makubwa, lakini kwa jina lao kwenye ukurasa wa mbele, kusudi waone haya ya kufanya kazi mbaya.

Tatu, mutu mumoja katika kila muji. Likasi, Kolwezi, Lubumbashi, Kinshasa: tuna wenzetu pote. Anayesafiri anabeba vitabu 10 katika muzigo wake. Muuzaji yeyote anayechukua nakala anatia sahihi kwenye karatasi yenye tarehe ya kulipa.

Nne, memuari zetu. Kila mwaka wanafunzi wanaandika juu ya vijiji, kanisa, migodi, ndoa, magonjwa. Kazi hizo zinalala kwenye kabati. Tuzipitie, tuchague zile zenye maneno ya wazee, tuziandike upya katika luga ambayo wale wazee wenyewe wanaweza kusomewa. Sitaki mutu wa Amsterdam, hata akiwa mwema, aje kisha miaka 25 kutuonyesha ni nini wazee wetu walisema.

Kuna jambo moja ambalo sina jibu lake, na ninataka tulijadili bila kufichana. Luga gani? Kifaransa kinafungua mulango wa chuo na wa Kinshasa. Kiswahili cha vitabu kinafika mpaka Dar es Salaam. Kiswahili chetu cha Katanga kinafika kwa yule muzee aliyeniuliza kila siku ya Mungu. Kitabu changu mimi nilikiacha katika Kiswahili chetu, na kuna mwenzetu mumoja aliniambia vile nimefunga soko langu mwenyewe. Mimi sioni vile, lakini ana haki ya kusikilizwa.

Basi andikeni hapa chini mawazo yenu, na wale walio tayari kuwa kati ya watu 100 wa kwanza waseme tu: "Mimi niko." Jina langu ni la kwanza kwenye orodha.